Nilivyojikuta kwenye fomu ya mwanangu

Kwetu mtoto wa kiume akichelewa kuongea hakuna anayeshtuka. Mama mkwe alisema hata baba yake alichelewa, jirani akashauri akatwe utando chini ya ulimi, na mimi nilikuwa radhi kusubiri. Kilichonipeleka hospitali ni jina lake. Namwita yuko hatua mbili tu kutoka nilipo, hageuki. Nikifungua pakiti ya biskuti chumbani, huyo anakuja mbio.

Daktari wa watoto alituanzishia kipimo cha usikivu, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye huwa hivyo hivyo. Msikilalamikie kipimo hicho. Majibu yake utaulizwa kila mlango utakaobisha.

Masikio yalikuwa salama, tukapewa fomu ya M-CHAT-R, ya dalili za usonji (autism, ubongo kukua kwa namna tofauti inayogusa mawasiliano): maswali 20, ndiyo au hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Haitoi jibu la mwisho, inachuja tu nani aangaliwe kwa undani. Ukionyesha kitu kwa kidole upande wa pili wa chumba, mtoto anakitazama? Huwa anakuletea kitu ili ukione tu? Anakutazama machoni unapozungumza naye au unapomvisha nguo?

Hapo kwenye macho nilikwama. Mume wangu ameshasema, "Weka hapana," mimi kalamu ipo hewani najiuliza kwani watu wengine wanatazamana machoni kiasi gani. Nimelelewa Tanga na bibi, na kwa bibi binti anayemkodolea macho mkubwa wakati anasemeshwa hana haya. Mimi nilitazama sakafu, au mikono ya mtu, au midomo yake, na nikasifiwa tangu nipate akili. Binamu zangu waliambiwa, "Mtazameni mwenzenu alivyo na adabu!" Wao walikuwa wanajizuia. Mimi sikujizuia chochote. Macho ya mtu yalikuwa yananifutia maneno kichwani, na mpaka leo yananifutia.

Kwa daktari bingwa mahojiano yalikuwa marefu: ujauzito, kutambaa, usingizi, chakula. Kisha akauliza kama kwenye ukoo kuna mwingine wa namna hii. Nikampigia mama, nikaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

Nikamweleza swali la daktari. "Si wewe?" akasema, kama mtu aliyeulizwa anakaa mtaa gani. Akaendelea bila kuombwa: nilipanga visoda barazani kwa rangi, na atakayekisogeza kimoja nitalia hadi nitapike. Nguo ya Idi sikuivaa mpaka lebo ikatwe. Harusini, ngoma zikianza, nitafutwe stoo. "Lakini darasani alikuwa na akili, dokta, ndiyo maana hatukuhangaika."

Daktari aliandika yote. Akaniambia urithi una mchango mkubwa kwenye usonji, na si mara ya kwanza kwake kuona mzazi anajitambua kwenye kiti kile. Nilipoanza kusoma nikaelewa kwa nini hakuna aliyenishtukia. Mwaka 1943, kule Marekani, daktari aitwaye Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 wenye usonji, wavulana 8 na wasichana 3. Mwaka uliofuata daktari mwingine, Hans Asperger, kule Vienna, akaeleza wavulana 4. Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya mvulana. Binti mkimya, asiyekatiza watu, anayekariri salamu na kuzitoa kwa mpangilio, nani ampeleke hospitali?

Mwanangu alithibitishwa. Mimi nilianza na AQ, dodoso la usonji kwa watu wazima, la maswali 50, lililotoka Cambridge mwaka 2001. Nalo ni la kuchuja tu, na lina maswali ya kwao: eti ungependa kwenda kwenye tamthilia kuliko makumbusho? Mimi nilitaka kurudi nyumbani. Mwanasaikolojia wa kwanza niliyemwona aliniuliza usonji gani huo wa mtu mwenye kazi, mume na mtoto. Nilimlipa, nikatafuta mwingine. Huyo nilimwendea na ushahidi, kwa sababu dalili lazima ziwe zilikuwepo tangu utotoni: ripoti za shule ya msingi alizozitunza mama ("mtulivu mno, ajitahidi kuchangamana"), namba ya mama mwenyewe, na orodha ya mambo ninayofanya kila siku yanayonichosha wakati wenzangu hayawachoshi. Kama unafikiria kupimwa ukubwani, andika orodha hiyo nyumbani. Ukiulizwa ana kwa ana utasema uko salama tu, maana ndivyo tulivyozoea kujibu.

Dawa ya usonji hakuna, kwa hiyo sikutoka na dawa. Faida ya kujijua niliiona kwa kinyozi. Zamani tulimshika mtoto watu wawili. Sasa nampeleka mchana saluni ikiwa tupu, nywele zinapunguzwa kwa mkasi, kwa sababu najua mlio wa mashine unavyoingia kwenye meno. Mtaalamu wa matamshi alitaka kila zoezi lianze na "niangalie". Nikaomba tuliondoe, akakubali kwa shingo upande. Mtoto ameanza kusema "maji" na "twende" huku akitazama pembeni, na mimi namwelewa vizuri tu.

Harusi bado nachangia. Naenda na vizibo vya masikio chini ya mtandio, nakula, naaga kabla MC hajachangamka.

Ndugu wengine sijawaambia habari zangu na sina mpango. Mama anajua, mume wangu anajua, na bosi anajua kiasi cha kuniandikia maelekezo WhatsApp badala ya kuniita ofisini na kunimwagia mambo matano kwa mkupuo.