Mfuko wa plastiki, tafadhali hapana

Leo nguo za manusura wa ubakaji zimeletwa kituoni kwenye mfuko wa plastiki, mbichi, mfuko umefungwa fundo. Waliozileta walikuwa na nia njema kabisa.

Plastiki hufungia unyevu, unyevu huleta ukungu, na ukungu huharibu vinasaba (DNA), ushahidi wa kumtambua mbakaji.
Tumieni mfuko wa karatasi. Kila nguo na mfuko wake. Zisifuliwe, zisikung'utwe. Zikiwa mbichi, zikauke kwanza kivulini.

Lakini jamani, matibabu yatangulie!
Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito wake. Humezwa siku 28. Za kuzuia mimba, ndani ya saa 120.
Ameshaoga? Mpelekeni hivyo hivyo.

Na msimhoji njiani. Kila "ilikuwaje?" inamrudisha pale pale, na maelezo yakipishana hata kidogo, wakili wa mshtakiwa atayang'ang'ania mahakamani. Mwambieni tu, "Nakuamini. Si kosa lako." Halafu achague mwenyewe nani aingie naye kwa daktari.

Wenzangu mnaofanya kazi hii, kwenu kinachokwamisha zaidi ni nini? Andikeni hapa chini.