Broadchurch, sehemu ya kwanza

Jana usiku nimeangalia sehemu ya kwanza ya Broadchurch, tamthilia ya upelelezi ya Uingereza iliyoanza kuonyeshwa kwenye kituo cha ITV cha huko huko mwaka 2013, na leo kutwa nzima sijaacha kuiwaza.

Kisa chenyewe si kigeni: mtoto wa miaka 11, Danny Latimer, anakutwa amekufa ufukweni, chini ya jabali, katika mji mdogo ambao kila mtu anamjua mwenzake. Kilichonishika ni namna mama yake anavyozipata habari. Beth anafika kwenye michezo ya shule, Danny hayupo. Baadaye yuko garini, foleni haisogei, inasemekana polisi wako ufukweni. Anashuka. Anatembea, halafu anaanza kukimbia katikati ya magari. Hakuna aliyemwambia lolote, ila moyo wake umeshajua. Anafika mchangani na kuona viatu vimejitokeza kwenye kile kilichofunikwa. Viatu vya mwanawe. Jodie Whittaker ameigiza pale mpaka nikasimamisha video nipumue kwanza.

Kabla ya hapo kuna kipande ambacho nilikirudia. Baba yake Danny, Mark, fundi bomba, anapita mtaani asubuhi huku kamera ikimfuata bila kukatika. Anasalimiana na huyu, anataniana na yule. Ukishajua kilichotokea, unaona kwamba wote wale sasa ni wa kushukiwa.

Halafu yupo Ellie Miller, polisi mpelelezi wa mji huo, anayeigizwa na Olivia Colman. Ametoka likizo, anakuta cheo alichokitarajia kapewa mgeni, Alec Hardy, anayeigizwa na David Tennant. Mtoto wa Ellie, Tom, ni rafiki wa marehemu. Ellie anapouona mwili analia, na Hardy anamkaripia ajikaze, yuko kazini. Nilimchukia Hardy pale pale. Najua mpelelezi anayempenda kila mtu atapata tabu kumshuku yeyote, lakini kwenye nyumba yenye msiba mimi ningetaka aje Ellie. Kwetu taarifa ya kifo hupelekwa na mtu wa karibu, tena kwa taratibu, mfiwa akiwa ameketishwa.

Ndiyo maana iliniuma sana Olly, mpwa wa Ellie ambaye ni mwandishi wa habari, alipoliweka jina la mtoto Twitter polisi hawajalitangaza. Mambo haya tunayaona kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: ajali ikitokea, picha za marehemu zinasambaa ndugu hawajapigiwa hata simu. Inaumiza, na inaumiza zaidi kwa sababu anayetuma mara nyingi ni mtu tunayemfahamu.

Sasa wasiwasi wangu uko kwa Tom. Ameambiwa rafiki yake amekufa, akabaki peke yake, akaanza kufuta meseji kwenye simu, kisha akahamia kwenye kompyuta. Na mama yake ndiye anayepeleleza. Msimu wa kwanza una sehemu nane, leo naangalia ya pili.