Usiku Shikhandi Alipomzuia Arjuna

Juzi mtoto wa kaka alikuwa akitazama katuni ya Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi juu ya vita vikuu, kwenye simu. Akanigeukia: "Shangazi, huyu Shikhandi ni mwanamume au mwanamke?" Nikamwambia alizaliwa msichana, akalelewa kama mvulana, akaingia vitani mwanamume. Akaridhika, akaendelea na katuni yake. Mimi mawazo yakanipeleka Pune, India, nilikokuwa mwanafunzi mwaka 2018.

Tarehe 6 Septemba Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja waliokubaliana si jinai tena. Kifungu cha 377 cha sheria ya jinai, walichokiandika Waingereza mwaka 1860, kikapunguzwa makali. Maneno yake ya "kinyume na maumbile" yamo hadi leo katika sheria za Tanzania na Kenya. Muda si mrefu wanafunzi wenzangu wakaigiza kisa cha Shikhandi katika ukumbi mdogo, feni zikipiga kelele, sisi tumebanana mikekani.

Mwanzo waliupitia haraka. Binti mfalme Amba ananyakuliwa na shujaa Bhishma, anakufa na kinyongo, anazaliwa upya kwa mfalme Drupada akiwa Shikhandi. Anaozwa mke, siri inafichuka, anakimbilia msituni, na huko yaksha, jini wa porini, anabadilishana naye jinsia.

Ikaja siku ya 10 ya vita. Bhishma, sasa mzee wa upande wa adui, anamwona Shikhandi mbele ya mwenzake Arjuna, bingwa wa upinde, anaweka upinde chini, maana kwake huyo bado ni mwanamke na yeye hapigani na wanawake. Katika masimulizi niliyoyazoea, hapo Arjuna anafyatua mishale na Shikhandi ni ngao tu. Usiku ule Shikhandi alimzuia Arjuna kwa mkono. Mwigizaji alikuwa kijana mwembamba, jasho limechuruzisha wanja wake hadi kwenye sharubu za kuchora. Akamsogelea mzee, akasema kwa Kihindi cha taratibu ambacho hata mimi nilikielewa: "Nitazame kwanza. Kisha ndiyo uniite unavyotaka." Bhishma akainua macho. Wakatazamana muda mrefu mno, hadi watu wakaanza kukohoa. Mama mmoja mbele yangu alikuwa akilia, wala hajifuti.

Nikamkumbuka binamu yangu, aliyehama Tanga kwa maneno ya watu juu ya mwendo wake na sauti yake. Siku anaaga, wazee walimpa mkono huku wanatazama pembeni. Usiku uleule nikampigia simu, nikamsimulia yote. Nilitaka ajue kwamba mtu wa namna hii yumo katika kitabu cha kale kiasi kile, na gari lake la vita, na jina lake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Vita vilipokwisha, alirudi kwao?"

Ikabidi nimwambie. Usiku huo wa mwisho wa vita Ashwatthama, shujaa wa upande ulioshindwa, alivamia kambi watu wakiwa usingizini, na Shikhandi akauawa. Wanafunzi wale walikuwa wameishia pale Bhishma anapoanguka. Binamu akasema wangeendelea, watu waone walivyomfanya. Nikasema hapana, waliishia pazuri. Angalau mara moja tumwache hai. Tulibishana sana, na mpaka leo kila mmoja ameshikilia lake.