Siku Yangu Moja: Paketi Zilizopotea na Paketi Zilizopishana

Saa 1:40 asubuhi. Simu inaingia nikiwa bado kwenye daladala. Ni dada wa zamu upande wa mteja, studio inayorusha video mubashara kupitia seva zetu hapa Dar. "Kaka, za asubuhi. Picha inakatika tangu jana usiku, na bosi ameshaanza kuuliza." Namwambia nikifika tu naanza na hilo.

Saa 2:30. Kijana wetu wa fildi keshatoa kebo mpya ya faiba kwenye boksi. Namzuia. Kwenye kadi ya mtandao ya gigabiti 100 kwa sekunde hubadilishi kitu kabla hujajua paketi (kifurushi kidogo cha data) inafia wapi, na kadi yenyewe inaweka hesabu hiyo. Tunapiga `ethtool -S`, amri ya kusoma kaunta za kadi, tunasubiri kidogo, tunapiga tena, tunalinganisha. Makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) ni sifuri, hayajasogea. Faiba haina kesi. Inayopanda ni `rx_out_of_buffer`. Maana yake paketi imefika salama kwenye kadi, ila kadi haikukuta nafasi ya kuiweka kwenye memori ya seva, ikaitupa. Kebo inarudi kwenye boksi.

Saa 3:15. `ethtool -g` inasema ringi ya kupokelea (mahali paketi zinasubiri prosesa izizoe) ina nafasi 1,024, na kadi inaruhusu hadi 8,192. Hapa nampigisha kijana hesabu. Laini ikijaa paketi za baiti 1,500, ni kama milioni 8 kwa sekunde. Kadi hugawa paketi kwenye foleni kadhaa, kila moja na ringi yake. Zikimiminikia foleni moja, nafasi 1,024 zinajaa ndani ya maikrosekunde 126 hivi. Prosesa ikizubaa muda huo tu, zinaanza kumwagika. Kwa 8,192 tunapata kama milisekunde moja. Tunaiongeza, lakini wanaoishia hapo siwaelewi: wanaongeza mabenchi kituoni wakati basi lenyewe haliji. Cha kujua ni kwa nini prosesa inachelewa kuzizoa.

Saa 4:00. Jibu liko kwenye faili `/sys/class/net/ens1f0/device/numa_node`, limeandikwa 1. Hesabu inaanzia 0. Seva ina prosesa mbili, na kadi imechomekwa upande wa ile ya pili. Ukifungua `/proc/interrupts`, intarapti zote (ishara za kadi kuiita prosesa) zinahudumiwa na kori, yaani vitengo vya kazi, za prosesa ya kwanza, kwa hiyo kila paketi inavushwa upande wa pili wa mashine bila sababu. Tunazima irqbalance, programu inayohamishahamisha intarapti, tunazifunga intarapti kwenye kori zilizo karibu na kadi, na programu ya kupokea video tunaihamishia hukohuko kwa `numactl`. Kaunta inaganda.

Saa 7 mchana. Wali maharage kwa mama lishe. Sijamaliza, ujumbe unaingia: "Kaka, imepungua ila bado inaruka."

Saa 8:10. Huu sasa ni ugonjwa mwingine wenye dalili zilezile. Hakuna paketi inayopotea, lakini programu inadai zipo zisizofika. Kila paketi ya RTP (itifaki inayobeba video) hubeba namba ya mfuatano, na kwenye tcpdump, programu ya kunasa paketi, tunaziona hivi: 41207, 41209, 41208. Programu ya mteja haina subira. Ikiona 41209, inaandika kwamba 41208 imepotea. Ikija baadaye, inatupwa.

Tcpdump ya hapohapo kwenye seva haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu inaziona paketi baada ya kadi kuzigawa kwenye foleni nyingi. Tunaiambia swichi ipeleke nakala ya trafiki kwenye mashine ya pembeni inayopokea kwa foleni moja tu. Kule mfuatano umenyooka. Basi zinapishana ndani ya seva yetu.

Saa 9:30. `ethtool -n ens1f0 rx-flow-hash udp4` inaonyesha hashi, yaani hesabu ambayo kadi inachagulia foleni, inatumia anwani za IP pamoja na namba za bandari. Ni sawa, mpaka mtumaji aanze kutuma datagramu (jumbe za UDP, itifaki inayobeba RTP) za ukubwa tofauti. Zinazozidi baiti 1,472 hukatwa vipande, na namba za bandari hubaki kwenye kipande cha kwanza tu. Kadi ikikutana na vipande inatumia anwani peke yake. Matokeo yake mkondo mmoja wa video unapita foleni mbili, kori mbili, na kori isiyo na kazi nyingi inatangulia.

Kijana anauliza kwa nini tusitumie foleni moja tu. Kori moja haiwezi kuzoa mzigo wote wa kadi hii. Tunapiga `ethtool -N ens1f0 rx-flow-hash udp4 sd`, anwani tu zitumike kwa UDP yote. Hasara yake ni kwamba kila mtumaji anabanwa kwenye foleni moja hata akiwa na mikondo mingi. Kwetu watumaji ni wengi, mzigo unagawanyika vizuri. Angekuwa mmoja, nisingethubutu.

Saa 11 jioni. Dada anapiga: picha imetulia. Namwomba wapunguze datagramu zishuke chini ya baiti 1,472, maana dawa halisi iko kwao. Anasema mipangilio ya enkoda (inayobana video kabla ya kutumwa) wanayo waliowauzia, atawauliza.

Saa 12:20. Mipangilio ya ethtool hufutika seva ikizimwa, kwa hiyo tunaiandika kwenye huduma ya systemd inayoirudisha seva ikiwaka. Kijana anawasha upya seva ya akiba kuijaribu: ringi 8,192, hashi `sd`, intarapti ziko pale tulipozifunga. Ya mteja tutaiwasha upya usiku wa matengenezo, si leo.