Bangili ya waya wa breki

Dada aliponipa ile bangili aliniambia nibahatishe imetengenezwa kwa kitu gani. Hakukuwa na cha kubahatisha. Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli na mimi nimekulia miguuni pake. Waya wa breki naujua: nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa, ukizikata kwa koleo butu zinafumuka na kukuchoma vidole. Huu ulikuwa ndio ule ule, ila umepigwa msasa ukatiwa shanga tatu za buluu.

"Huo ni mtego wa swala," akasema.

Nikaugeuza. Karibu na shanga pamepinda kwa namna ambayo nyundo ya sonara haipindi. Ndipo fundo lilipokaza. Fundi angeweza kupanyoosha. Nadhani alipaacha makusudi.

Mtego wenyewe hauna ufundi wowote. Kitanzi kinafungwa mtini, kando ya njia wanayopita wanyama. Mnyama akiingiza kichwa kinamshika, akivuta kinakaza. Mtegaji alitaka kitoweo tu, lakini kitanzi hakijui hilo: kitashika shingo ya simba au mkonga wa mwana ndovu, na hata mwenyewe akikisahau, chenyewe kinaendelea kungoja. Kuviondoa ni kazi ya miguu, kichaka kwa kichaka. Serengeti ina vikosi vya kazi hiyo tangu 2017, na baadhi ya waliomo waliwahi kuvitega wao wenyewe. Kule Luangwa, Zambia, nyaya zinazookotwa na doria huishia mikononi mwa mafundi wanaotengeneza mikufu na hereni.

Ajabu yake ni kwamba ndovu waliuawa miaka na miaka kwa ajili ya mapambo hayo hayo, mpaka nchi za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilipoamua mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya pembe zao kimataifa.

Bangili hii nayo iliuzwa kwa hisani, na nina sababu ya kuwa mgumu na vitu vya namna hiyo. Niliwahi kununua mkufu wenye kidani cha kasa, kikaratasi chake kikisema "sehemu ya mapato" inakwenda kwa wanyama. Nikaandika kuuliza: sehemu gani? Nikajibiwa kwa picha ya moyo.

Kwa hiyo nilimhoji dada kama polisi. Kumbe naye alishamhoji muuzaji: fungu moja linalipia doria, jingine linawapeleka watoto wa shule za jirani hifadhini, na hesabu imeandikwa. Hilo la watoto lilinilainisha. Anayelala kando ya hifadhi mara nyingi ndovu anayemjua ni yule wa usiku, anayemaliza mahindi ya mama yake. Kumwona mchana, ametulia na mwanawe, ni habari nyingine kabisa.

Bangili ina kasoro moja: uzi mmoja umeanza kufumuka na unanasa mikono ya shati. Mjomba alikuwa akitia tone la lehemu kwenye ncha. Jumamosi nitafanya hivyo, mbali na pale palipopinda.