Kukaa na mgonjwa ambaye hatapona

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito. Wagonjwa wetu wengi ni akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa. Watu huniuliza moyo wa kukaa nao naupata wapi. Naanza na maumivu, kwa sababu anayeumia hasikii pole yako. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, anywe kila baada ya saa 4, asingoje mpaka aumwe tena, na dozi ya kulalia iwe maradufu ili apate usingizi. Nampa na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Kidonda kikinuka, nasaga vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, na kukinyunyizia unga wake. Harufu ikipungua, utaona ndugu wanasogeza viti karibu na kitanda.

Ndipo na mimi nakaa. Simu naiacha ofisini.

Familia ndiyo kazi kubwa zaidi. Kuna binti alinivuta pembeni: "Nesi, nakuomba, mama asijue. Akijua atakata tamaa." Sikubishana naye, wala sikumwahidi kudanganya. Nilimuuliza tu, "Dada, wewe unaogopa nini hasa?" Akalia. Nikamshika mkono, nikanyamaza mpaka alipotulia, kisha tukaingia pamoja.

"Shikamoo mama. Wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?"

Akamtazama binti yake. "Huu hauponi, wanangu. Mimi namuwazia mjukuu, ada yake atalipa nani."

Kumbe walikuwa wanafichana. Wakaanza kuongea mambo ya shamba, ya ada, ya mahali pa kuzikwa, na mimi sikuongeza neno. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona, huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Kwa hiyo hata ada ile ilinihusu. Siku hiyohiyo nikamwita afisa ustawi wa jamii.

Machozi yakinijia siyazuii, ila sikubali kufika mahali familia inaanza kunibembeleza mimi. Nikizidiwa, namwomba mwenzangu ashike zamu kidogo.

Mgonjwa akifariki, huwapigia ndugu simu baada ya arobaini, wakati waombolezaji wameshatawanyika. Wengi huanza kwa kusema hawajambo, kisha wanaongea kwa muda mrefu, nami nawasikiliza.