Siku Moja Maishani Mwangu: Mkesha wa Sikukuu ya Shukrani katika Bekari ya Pai za Viazi Vitamu

Saa 9:30 usiku

Kwa familia nyingi za watu weusi wa kusini mwa Marekani, meza ya Sikukuu ya Shukrani, inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, haijakamilika bila pai ya viazi vitamu, na ndiyo maana Jumatano inayoitangulia huwa siku ndefu kuliko zote katika bekari ndogo ninayofanyia kazi mjini Durham, jimbo la North Carolina. Nikishafungua mlango wa nyuma, kunawa mikono na kufunga kilemba, kazi ya kwanza ni kujaza oveni zikiwa bado hazijawashwa. Napanga viazi vilivyooshwa kwenye trei pamoja na maganda yake, navitoboatoboa kwa uma, naviingiza katika oveni ya baridi, na hapo ndipo ninapowasha moto na kuuacha kwenye nyuzi 150 za Selsiasi kwa muda wa saa mbili au zaidi, kutegemea unene wa viazi.

Wafanyakazi wapya huuliza kwa nini hatuvichemshi, maana kuchemsha kungemalizika haraka. Kiazi kitamu kina kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, na kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri zaidi kiini cha kiazi kinapokuwa kati ya nyuzi 60 na 75 hivi. Moto ukipanda kwa pupa, kinaharibika kabla ya kumaliza kazi yake, ilhali kiazi kinachoiva polepole hutoa utomvu wa sukari unaochuruzika na kugandia kwenye trei, mweusi na wenye harufu ya kuungua kidogo. Ukiuona utomvu huo, ujue pai itakuwa tamu hata kabla hujafungua gunia la sukari. Kiazi kilichochemshwa, zaidi ya hayo, hunywa maji ambayo baadaye hutafuta pa kutokea, na mahali pa karibu ni ganda la pai.

Viazi vyenyewe ni vya aina ya Covington, vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kilivitoa kwa wakulima mwaka 2005 na ambavyo sasa vimetawala mashamba ya hapa. Mimi ni mtu wa Gairo, mkoani Morogoro, ambako wasafiri wa barabara ya Dodoma husimama kununua viazi vilivyorundikwa kando ya lami, na nilikuja nikiamini kwamba kiazi kizuri ni kile chenye unga, kikavu, cha kuteremshia na chai. Kiazi hicho nakipenda hadi leo, ila kwa pai hakifai, kwa sababu hunyonya maziwa yote na kuacha mkate mzito mahali palipotakiwa kuwa na ulaini.

Saa 10:30 alfajiri

Viazi vya kundi la kwanza vilichomwa jana alasiri, vikamenywa na kulala kwenye friji, hivyo saa hii ni ya maganda ya pai. Kwa sahani moja ya sentimita 23 tunapima gramu 160 za unga wa ngano, gramu 115 za siagi iliyotoka kwenye friji muda huohuo, chumvi ya kubana kwa vidole, na vijiko vitatu au vinne vya maji ya barafu. Zamani ganda hili lilitengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, na wapo wazee wanaoapa kwamba hakuna linaloyashinda. Sisi hutumia siagi peke yake, kwa kuwa wateja wetu wengi ni Waislamu, na mimi mwenyewe nisingeweza kuonja kazi yangu.

Mkono uliozoea chapati hutaka kukanda, na hapa lazima uzuiwe. Unga wa pai haukandwi. Siagi husagwasagwa kwa ncha za vidole ndani ya unga mkavu mpaka vipande vyake vibaki vidogo lakini bado vinaonekana kwa macho, kisha maji hunyunyizwa kidogo kidogo hadi donge lishikamane kwa shida, likafungwa na kurudishwa kwenye baridi kwa nusu saa au zaidi. Vile vipande vya siagi ndivyo vinavyoyeyuka ndani ya oveni, maji yaliyomo yakageuka mvuke na kuinua matabaka ya unga yakatengana. Ukikanda hadi siagi ipotee, utapata ganda gumu la kutafunwa kwa subira. Baada ya kusukuma na kutandaza kwenye sahani, nabana kingo kwa vidole, natandika karatasi, najaza maharage makavu juu yake ili ganda lisivimbe, na kulioka tupu kwa nyuzi 200 kwa dakika 15. Maharage hayo hatuyapiki kamwe. Yanaishi kwenye ndoo yenye mfuniko, yamekauka kama kokoto, na kila mwaka hutumika tena.

Saa 12:30 asubuhi

Bimkubwa mwenye bekari huingia wakati huu, akiwa amevaa koti lake refu. Nilimfundisha shikamoo zamani, na siku hizi anaidai. Nisipoiwahi, husimama mlangoni akisubiri. Nikishampa, anaitikia "marahaba, mwanangu" kwa lafudhi ya kwao, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye bakuli.

Kwa pai moja tunatumia takriban gramu 450 za viazi vilivyopondwa, gramu 115 za siagi iliyoyeyushwa, gramu 200 za sukari, nusu nyeupe na nusu ya kahawia, mayai mawili, nusu kikombe cha maziwa ya kopo yasiyo na sukari, kijiko kidogo cha vanila na chumvi kidogo. Viazi huingia kwenye mashine ya kuchapia vikiwa peke yake, kabla ya kitu kingine chochote, na baada ya dakika chache bimkubwa huizima, huinua mchapo na kuugeuza kwenye mwanga. Nyuzinyuzi zote zilizokuwa ndani ya viazi huwa zimejizungusha kwenye waya wa mchapo, ndefu, za rangi ya machungwa iliyokolea. Anazivuta kwa vidole, anausuuza mchapo na kuurudisha, na hurudia hivyo mpaka waya utoke safi. Mtu asiye na mashine anaweza kupitisha viazi kwenye chekeche kwa mgongo wa mwiko, ingawa mkono utamuuma.

Kisha vinakuja viungo, na hapo ndipo pai nyingi zinapoharibika. Pai ya viazi vitamu inapaswa kuwa na ladha ya viazi vitamu. Boga, ambalo watu wa kaskazini mwa nchi hii hulitengenezea pai yao, limepooza kidogo na huhitaji mdalasini, tangawizi na karafuu ili kuchangamka, lakini anayevichoma viazi saa mbili na kisha akavizamisha katika viungo hivyo vyote amejisumbua bure. Sisi hukwaruza kungumanga nzima, robo tatu ya kijiko kidogo kwa pai, tukaongeza mdalasini usiozidi nusu ya kiasi hicho, basi. Kungumanga iliyosagwa na kukaa kwenye chupa miezi kadhaa ni vumbi tu, na yeyote aliyewahi kupasua kungumanga mbichi ya Unguja atanielewa bila maelezo zaidi.

Katika jambo hili tunaungwa mkono na mtangulizi mkubwa. Abby Fisher, mwanamke aliyezaliwa utumwani South Carolina na baadaye akawa mpishi wa kuheshimika mjini San Francisco, alichapishiwa kitabu cha mapishi mwaka 1881 ingawa hakujua kusoma wala kuandika. Yeye alisimulia, wengine wakaandika. Pai ya viazi vitamu imo, na ndani yake hamna mdalasini wala kungumanga, ila maji ya chungwa moja na nusu ya ganda lake lililokwaruzwa. Viazi alivichemsha, jambo ambalo bimkubwa humsamehe kwa shingo upande.

Saa 2:00 asubuhi

Pai zinaingia kwa nyuzi 175 na kukaa dakika 50 hadi 60. Kijana mwenzangu wa zamu, aliyezaliwa Bukavu, ndiye anayelinda oveni, na leo kila baada ya dakika chache ananiita "yaya", yaani ndugu mkubwa kwa Kiswahili cha kwao: "Yaya, hii imeisha iva?" Namjibu kwamba asiangalie rangi, bali aitikise sahani kidogo. Kingo zinatakiwa ziwe zimesimama imara na kutuna kidogo, huku upana wa vidole vitatu katikati ukitetemeka kama maziwa mgando kwenye bakuli. Kipimajoto kikisoma nyuzi 80 katikati, pai itoke, hata kama jicho linadhani bado, kwa sababu mayai yanaendelea kuiva kwa joto lililobaki. Pai iliyoachwa mpaka katikati ikakaza itapasuka ikipoa, na ufa hauzibiki kwa krimu yoyote.

Kupoa kwenyewe ni kazi inayohitaji nafasi kuliko ujuzi, kwani pai huhitaji saa mbili au tatu juu ya waya, mbali na upepo wa mlango, na siku kama ya leo hatuna meza, kabati wala rafu isiyokuwa na pai.

Saa 4:00 asubuhi

Tunafungua. Foleni ilikwishapinda kona, na wengi waliomo ni watu wenye oda zilizolipiwa tangu mwanzoni mwa mwezi. Wapo watakaoendesha gari mpaka Washington au New York usiku huu wakiwa na pai nne kiti cha nyuma, wakizipeleka kwa ndugu ambao wazazi wao waliondoka kusini katika ule uhamaji mkubwa wa kati ya mwaka 1910 na 1970, watu weusi wapatao milioni sita walipokwenda kutafuta kazi na kukimbia ubaguzi, wakaanza maisha Harlem, Chicago na Detroit bila kuacha mapishi yao nyuma. Kabla ya hapo, kwenye mashamba ya watumwa, viazi vilichomwa ndani ya majivu ya moto jioni baada ya kazi, wakati pai zenye mayai, siagi na sukari zilipikwa na mikono hiyohiyo kwa ajili ya meza ya bwana. Bimkubwa hapendi watu wanaoisimulia historia hiyo kwa utamu kupita kiasi, na naona ana haki.

Leo mzee mmoja mwenye kofia ya sala ameulizia pai ya maharage. Hatuiuzi, lakini swali lake si geni: Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, jumuiya ya kidini ya Waislamu weusi wa Marekani, aliwakataza wafuasi wake viazi vitamu, akavihesabu miongoni mwa vyakula vya utumwani, na badala yake wakabuni pai ya maharage meupe yenye umbo na viungo vinavyofanana sana na hivi. Nilimwelekeza kwa jirani anayeioka.

Saa 7:30 mchana

Tunakula tukiwa tumesimama. Nimeswali kwenye chumba cha stoo, kati ya magunia ya unga.

Saa 8:00 mchana

Viazi nilivyoviweka alfajiri vimeshapoa kiasi cha kushikika, na ganda lake linavuka lenyewe kwa kubonyezwa, likiacha kiazi kizima kinachong'aa kwa sukari. Hivi ni viazi vilivyovunwa Septemba na Oktoba, kisha vikawekwa ghalani kwenye joto la nyuzi 29 au 30 na unyevu mwingi kwa siku kadhaa ili michubuko ipone na utamu uanze kujijenga, kabla ya kuhamishiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 13 hadi 15. Kiazi kilichotoka shambani leo hakina utamu huo, na tunamkataa muuzaji anayetuletea. Viazi vitamu haviwekwi kwenye friji vikiwa vibichi, kwani baridi kali hufanya kiini kiwe kigumu na kisiive hata ukipika kutwa. Jimbo hili limeongoza Marekani katika kilimo cha zao hili tangu mwaka 1971, na mwaka 1995 Bunge lake lilikitangaza kiazi kitamu kuwa mboga rasmi ya jimbo, baada ya wanafunzi wa shule ya msingi mjini Wilson kuliandikia ombi.

Nikimenya huwa nawaza viazi lishe, hivyo vyenye nyama ya chungwa ambavyo maofisa ugani wamekuwa wakivisambaza Tanzania, Kenya na Uganda kwa ajili ya vitamini A ya watoto. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya aina hiyo. Wazee wetu walilalamika kwamba viazi hivyo vina majimaji, na kwa mtu anayevichemsha kwa ajili ya chai wana hoja. Lakini kwa pai unyevu huo ndio unaotafutwa, na sioni kwa nini bekari za Morogoro au Nakuru zisijaribu, tena kwa tui zito la nazi mahali pa maziwa ya kopo.

Saa 11:00 jioni

Jua linazama na kundi la mwisho limetoka. Kila anayechukua pai namweleza maneno yaleyale: ina mayai na maziwa, kwa hiyo isikae mezani zaidi ya saa mbili, iingie kwenye friji, na iliwe ndani ya siku tatu au nne. Mteja wa mwisho, mama aliyekuja mbio akitokea kazini hospitalini, ameuliza kama anaweza kuigandisha. Anaweza, mradi aifunge vizuri ikiwa imepoa kabisa na kuiyeyusha kwenye friji usiku kucha, ingawa ganda halitarudi kuwa kavu kama mwanzo.

Mabaki ya unga tumeyasukuma, tukayanyunyizia sukari na mdalasini, tukayaoka, na kijana wa Bukavu ameondoka nayo kwenye mfuko. Mimi nimechukua pai moja iliyovunjika ukingo. Wenyeji huila kwa krimu iliyochapwa. Nyumbani kwangu italiwa kesho ikiwa ya baridi, kwa chai ya rangi isiyo na sukari, kwa kuwa siku ya pili kungumanga huwa imetulia na kiazi kinasikika vizuri zaidi. Ijumaa tunafungua tena saa 4:00, na bimkubwa ameshaanza kuandika oda za Krismasi.